Matoka Kwenye Shamba la Chini

Mama Ngendo wa Giakanja, kule Tetu upande wa Nyeri, alikuwa na ulimi wa kuonja udongo, na ulimi huo ndio uliomponza.

Ukimletea udongo wa Kieni ataubana kwa vidole, atautia mdomoni, ataumung'unya kama mtoto aliyepewa peremende, kisha atatema na kusema, "Hapa viazi vitakubali, lakini maharagwe yatakuaibisha." Na kweli maharagwe yangekuaibisha. Watu wa Tetu, ambao wakienda mazishini hutazama kwanza shamba la marehemu linaishia wapi ndipo watazame jeneza, walimheshimu kwa jambo hilo. La pili la kumheshimia halikuwepo. Mguu wake wa kushoto ulichechemea, ng'ombe wake alimpiga mateke kila asubuhi, na shule aliishia darasa la saba, tena kwa kusukumwa kutoka nyuma. Lakini ulimi! Wanaume wazima walimfuata na udongo kwenye mfuko wa sukari, wakasimama mlangoni wameshika kofia.

Kwa hiyo kikundi cha akina mama wa Giakanja kilipoamua kununua ploti pwani, kijenge vyumba vya kukodisha wageni wakati wa likizo, mwenyekiti wao Beth, nesi aliyestaafu, hakufikiria mara mbili.

"Aende Ngendo akaonje."

"Kuonja nini?" Wangui akauliza. Wangui na Ngendo walipakana shamba, na walikuwa wamegombana juu ya kila kitu kinachoweza kuvuka ua: kuku, moshi, matawi ya parachichi. "Tunajenga nyumba, hatupandi viazi. Mimi niliwahi kufika Mombasa, harusi ya mtoto wa dada yangu."

"Na uliona nini?"

"Niliona ukumbi."

"Basi tukitaka kununua ukumbi tutakutuma," Ngendo akasema, na mkutano ukacheka, na kura zikaenda upande wa kicheko kama kawaida.

Alijitayarisha kama mtu anayejua anachokifanya. Alichukua sweta mbili, kwa sababu mtu hajui. Kwenye kiondo akatia matoka aliyoyang'oa kwenye ua wake. Itoka ni lile ua lenye tunguu nono chini ya ardhi ambalo watu wa kule hulipanda kwenye mpaka. Ukishalipanda, hata ndugu yako wa tumbo moja hasogezi jembe. Karatasi za ofisini zinaweza kupotea, lakini itoka huota tena hata likichomwa moto. Ngendo hakuwahi kukagua shamba bila matoka, na hakuona kwa nini pwani iwe tofauti.

Mji wenyewe uliitwa Mwangoni, na ulimsumbua tangu aliposhuka, asubuhi jua likiwa tayari limekasirika. Haukuwa na juu wala chini. Kwao Tetu mtu hapotei: barabara iko juu mgongoni mwa kilima, mto uko chini bondeni, na kila shamba huanza barabarani na kuteremka hadi mtoni kama ulimi wa mbwa. Ukitaka kumwelekeza mtu unamwambia apande au ateremke. Hapa lami iliacha barabara kuu ikaenda moja kwa moja, sawa kama meza, ikapita msikiti na maduka na nyumba za mawe yenye matundu upande mmoja, na hoteli zenye kuta ndefu upande wa pili. Mwisho wake ulikuwa mchangani, mahali wavuvi wanapouzia samaki. Mji umekwisha.

Ngendo aliuangalia kwa jicho la mnunuzi, akatikisa kichwa. Mashua zilikuwa zimelala ubavu kwenye mchanga mkavu, kama ng'ombe wanaocheua. Akasema moyoni, hawa watu wameacha kazi. Upande wa kushoto kulikuwa na miti iliyosimama juu ya mizizi yake mitupu, mfano wa mwanamke aliyepandisha sketi avuke tope. Akasema, mvua imekula udongo, hakuna aliyechimba mitaro. Ukuta wa hoteli ulikuwa na ngazi za saruji zilizoishia hewani, ngazi za chini zikiwa na utelezi wa kijani. Akasema, fundi alilipwa mapema. Kila kitu katika mji ule kilikuwa kinamwambia jambo moja kwa sauti kubwa, naye alikisahihisha kimoja kimoja.

Dalali aliyempokea aliitwa Jamal, mwanamume wa makamo, mpole, mwenye kofia safi.

"Shikamoo, bibi."

"Mzuri sana," Ngendo akajibu.

Jamal alimpeleka kwenye ploti. Ilikuwa juu kidogo ya mchanga, mawe makali matupu, vichaka vya miiba katikati, na mivinje miwili iliyokuwa ikipiga mluzi kwa upepo. Ngendo alitafuta udongo wa kuonja akakosa. Alipata vumbi la mawe. Akalitema.

"Jamal, hii ni ploti ama ni machimbo?"

"Hapa ndipo pazuri kwa nyumba, bibi. Mwamba. Nyumba haitikisiki."

Lakini Ngendo hakumsikia tena, maana alikuwa ametazama chini, na moyo ulimruka kama wa msichana. Chini ya mwamba kulikuwa na shamba. Shamba! Tambarare, jeusi-jeusi, lenye unyevu, halina jiwe la kujikwaa, likienda mpaka macho yanachoka. Mbali kabisa kulikuwa na mstari mweupe unaonguruma, na huo ndio uliokuwa bahari, imekaa kwake kwa adabu. Katika ramani ya darasani mwalimu alikuwa amepiga mstari, upande huu akapaka kijani, upande ule buluu. Hakuna aliyemwambia Ngendo kwamba mstari ule hutembea.

Na si hivyo tu. Katikati ya shamba lile walikuwa akina mama wameinama. Wamepiga vigingi kwa safu, wamefunga kamba kutoka kigingi hadi kigingi, wanavuna majani ya kahawia na kuyatia magunia. Vigingi na kamba! Kwao Giakanja ukiona vigingi na kamba unajua mpima ardhi amepita. Ngendo aliteremka akichechemea, akawasalimu, akauliza ni mboga gani hiyo.

"Mwani, bibi," mmoja akamjibu.

"Inahitaji mbolea?"

Akina mama wale waliangaliana, wakasema la, haihitaji. Ngendo akaona mkono wa Mungu.

Ni lazima mtu aelewe hesabu ya mtu wa Tetu. Sehemu bora ya shamba ni ile ya chini kabisa, mtoni, pale penye unyevu ambapo nduma, yaani magimbi, hunenepa na majani ya ng'ombe hayakauki hata jua liwake vipi. Ndugu hutoana meno kwa kipande hicho. Na hawa watu wa Mwangoni walikuwa wamejibana juu kwenye mawe, wameacha nduma yote ya dunia! Aliinama, akachota udongo, akauonja.

Ulikuwa na chumvi.

Mtu mwingine angesimama hapo akafikiri. Ngendo alifikiri, lakini alifikiria ng'ombe. Akakumbuka ile chumvi ya ng'ombe anayonunua dukani, yule mkaidi akairamba na bado akampiga teke. Hapa ng'ombe atairamba mwenyewe, bure, maisha yake yote.

"Jamal," alisema alipopanda tena, akijifanya hana haja sana, "hii ya juu sitaki. Nataka hiyo ya chini."

Jamal alitazama alikoonyesha. "Ipi?"

"Hiyo. Yote, mpaka kwa wale akina mama."

"Hiyo haiuzwi, bibi."

Ngendo akatabasamu. Katika maisha yake hakuna mtu aliyemuuzia ng'ombe bila kuanza kwa kusema ng'ombe huyo hauzwi. "Kila kitu inauzwa. Ni wewe hujanisikia vizuri."

"Bibi, hiyo ni ya Mungu."

"Hata Mungu ako na dalali. Si ndio wewe?"

Jamal alicheka mpaka akakaa juu ya jiwe. Alijifuta macho kwa pembe ya kofia, akamtazama yule bibi wa sweta mbili, akaona anachezewa mchezo mzuri na mtu mjanja. Naye akaingia mchezoni. "Haya, bibi. Kwa vile umekuja mbali. Nunua hii ya juu, hiyo ya chini nakuongeza bure. Mpaka kwenye mawimbi."

Wakapeana mikono. Kabla mtu huyo hajabadilisha mawazo, Ngendo aliteremka tena na kiondo chake, akapima kwa miguu upana wa kutosha, akachimba kwa kijiti na kupanda matoka kwa mstari ulionyooka. Yule mama wa mwani alimwuliza anapanda nini. "Heshima," Ngendo akajibu. Jua halijafika utosini alikuwa ameshaabiri basi la kurudi Nairobi, miguu yake ina matope ya chumvi, moyo wake umejaa kama debe.

Giakanja alipokewa kama aliyetoka vitani. Beth alipewa habari kwa kifupi, akaitisha mkutano Jumamosi: Ngendo atoe ripoti kamili, kikundi kitoe pesa, na mkwe wa Beth, ambaye ni fundi, atumwe akaanze msingi kule chini, penye tambarare. Siku zile Ngendo alitembea bila kuchechemea. Alipita mbele ya nyumba ya Wangui hata alipokuwa haendi popote.

Alhamisi aliteremka Nyeri mjini kununua leso, kwa sababu mwenye shamba pwani hawezi kuvaa kitambaa cha kichwa kilichopauka. Muuzaji wake wa miaka yote alikuwa Mwanaisha, mzaliwa wa Majengo pale pale Nyeri, ambaye bintiye Raudha aliolewa pwani, na kumbe ni Mwangoni kwenyewe.

"Usiniambie!" Mwanaisha akasema. "Jamal nani? Yule wa kofia? Huyo ni shemeji yake Raudha! Mtu mwema huyo. Haya nieleze, ploti iko upande gani?"

Ngendo alimchorea juu ya kaunta kwa vishikizo. Kishikizo hiki msikiti, hiki soko la samaki, safu hii ukuta wa hoteli. Hapa mawe. Na hapa, akatandaza leso nzima ya buluu, hapa ndipo shamba letu la chini.

Mwanaisha aliiangalia leso. "Shoga, hapo chini wapi?"

"Hapo. Nimeshapanda matoka."

"Ulifika saa ngapi?"

"Asubuhi. Kwani?"

"Na uliondoka kabla ya adhuhuri."

"Ee. Wewe ni polisi?"

Mwanaisha aliisukuma leso kando. Alitoa simu, akampigia Raudha kwa video, wakasalimiana kwa muda mrefu wa kuchosha, kisha akamwomba ateremke pale kwenye mivinje miwili aonyeshe chini. Ngendo aliegemeza kidevu kwenye kaunta. Kwenye kioo cha simu kukatokea mivinje, kukatokea mawe, kukatokea maji. Maji yalikuwa yanapiga mwamba. Mashua zilizolala ubavu zilikuwa zimesimama na zinacheza. Watoto walikuwa wanajirusha kutoka kwenye zile ngazi zinazoishia hewani, na hazikuishia hewani tena.

"Kumefurika," Ngendo akasema kwa sauti ndogo. "Mvua imenyesha wapi?"

"Hakujafurika, mama," Mwanaisha akasema. "Ni bahari imerudi."

"Imerudi kutoka wapi?"

"Hutoka, hurudi. Kila siku."

Ngendo alisogeza uso karibu na kioo. "Na matoka yangu?"

Raudha, ambaye hakujua lolote la ununuzi, alisema kwa sauti ya furaha kutoka ndani ya simu, "Salamu, bibi! Ni wewe uliyepanda yale maua? Wavuvi wanauliza yule bibi wa maua atarudi lini!"

Mwanaisha alijizuia kwa adabu kubwa. Alikunja leso, akaikunjua, akaikunja. Halafu mabega yakaanza kumtikisika, akashika nguzo ya kibanda. Ngendo alimwacha amalize. Hata yeye, kama lingempata mtu mwingine, hasa Wangui, angecheka mpaka apelekwe hospitali.

"Jumamosi nitasema huyo Jamal ni mwizi," alisema hatimaye. "Nitasema alinionyesha bahari akaniambia ni shamba. Pwani kuna matapeli, kila mtu anajua. Tutaacha hiyo maneno, tutafute ploti Kenol, hapa karibu."

Mwanaisha akaacha kucheka. "Alikuambia linauzwa?"

Ngendo akachezea kishikizo cha msikiti.

"Mama Ngendo, alikuambia?"

"Aliniambia haiuzwi," Ngendo akanung'unika. "Lakini alisema vibaya. Alisema kama mtu anauza."

"Mtoto wa watu anakula kwa jina lake. Ukilichafua hapa Nyeri, kesho liko Mwangoni. Na lile la juu ni ploti halali, mwenzangu, watu wanalililia. Utawanyima wenzako kwa ajili ya uso wako?"

Ngendo alirudi nyumbani na leso ya buluu, hakujua hata ameinunua vipi. Ijumaa nzima alimkamua ng'ombe, akamwagilia mboga, akapalilia mahali pasipo na magugu. Jina la Jamal lilikuwa mbali sana, nyuma ya barabara ndefu. Jina lake mwenyewe lilikuwa hapa, na baada yake hakukuwa na kitu kingine ila mguu wa kuchechemea. Mtu aliyeonja bahari akasema ni shamba, nani atamletea tena udongo kwenye mfuko wa sukari?

Jumamosi sebule ya Beth ilijaa. Chai ya maziwa ilikuwa imeiva. Wangui alikaa mbele kabisa, mikono imefungwa kifuani.

"Haya, Ulimi," akasema. "Tuonjeshe."

Ngendo alisimama. Sentensi ya Jamal mwizi ilikuwa tayari mdomoni, ameifanyia mazoezi mbele ya ng'ombe, na ng'ombe hakuikataa.

"Kwanza kabla hatujatoa pesa," Beth akasema, "huyo dalali ni mtu wa kuaminika? Sema ukweli, Ngendo. Wewe ndio ulimwona."

Ngendo akamwona yule mtu amekaa juu ya jiwe, anajifuta macho kwa pembe ya kofia.

"Ni wa kuaminika," akasema. "Kila kitu aliniambia ni ukweli. Mwongo ni mimi na ulimi wangu." Akamgeukia Beth. "Hiyo shamba ya chini... hakuna shamba ya chini. Ni bahari. Ilikuwa imetoka kidogo, mimi nikafika, nikapanda matoka."

Kikombe cha mtu kilianguka. Halafu kicheko kikaanza nyuma karibu na mlango, kikaja mbele kama mvua juu ya mabati. Beth, nesi mzima, alishikwa na mwenzake asianguke kitini. Mmoja akalia, "Ati matoka! Nyangumi asivuke!" Mwingine akauliza ikiwa papa atalipa kodi. Ngendo alisimama hapo hapo, akapigwa na kicheko chote, kwa sababu hapakuwa na mahali pa kukimbilia ila kupitia mbele ya Wangui.

Lakini Wangui hakuwa anacheka. Uso wake ulikuwa umekunjamana kama wa mtu anayefanya hesabu ya kugawanya.

"Ngoja," akasema. "Ati bahari ilikuwa imetoka? Kwani hutoka?"

Kicheko kikapungua.

"Si wewe ulifika Mombasa?" mtu akamwuliza.

"Nilikuambia niliona ukumbi! Inatoka ikienda wapi?"

Chumba chote kikamgeukia Ngendo. Hata Beth alijifuta macho, akangoja. Ngendo aliwatazama mmoja mmoja, akaona jambo ambalo lilimrudishia damu mwilini: hakuna mtu humo ndani aliyejua. Wote, pamoja na mwenyekiti na vyeti vyake, wangepanda matoka mahali pale pale. Wengine wangepanda na mihindi.

Alivuta kiti, akaketi, akatengeneza leso mpya kichwani.

"Hamjui bahari nyinyi," alianza. "Bahari ni kama ng'ombe. Asubuhi inafunguliwa inaenda kula mbali. Ikishiba inarudi bomani, na ikirudi hairudi na mchezo. Sasa nyinyi mkiona boma iko wazi, msijenge. Ulizeni kwanza ng'ombe ameenda wapi." Akaendelea hadi chai ikapoa. Alieleza mashua zinazolala na kuamka, miti iliyopandisha sketi, ngazi zinazoishia hewani, kila kitu alichokuwa amekisahihisha, sasa akikiacha kijieleze chenyewe. Mwisho akasema mkwe wa Beth aweke msingi juu kwenye mawe, na ile ya chini waachiwe wenyewe, wale akina mama wa mwani pamoja na Mungu.

Wakakubaliana kununua ya juu. Na ili kusiwe na makosa, waende watu wawili kuweka sahihi, wakae Mwangoni tangu asubuhi mpaka jioni, waione bahari ikitoka na waione kwa macho yao ikirudi. Beth akataja Ngendo. Akataja na Wangui.

Jumatatu kabla ya safari Ngendo alikuwa kwenye ua wake, ameinama, anachimba matoka ya kuweka kwenye kiondo. Wangui alisimama upande wake wa ua, kwenye mpaka ambao mama zao walikuwa wamepanda pamoja.

"Hapo juu kwenye mawe yatashika?"

"Itoka hushika popote."

"Hata maji ya chumvi?"

Ngendo akaendelea kuchimba, kana kwamba hakusikia.

Wangui akapiga magoti upande wake, akaanza kuchimba naye. "Basi chimba mengi, mama," akasema. "Majirani wako samaki watakuwa wameshayala yale ya kwanza, na mpaka ni mpaka."

Ngendo alishika tonge la udongo uliobaki kwenye tunguu, akalitazama, akaangalia huku na huku kama hakuna mtu, akalitia mdomoni.

"Nimekuona," Wangui akasema.